Kondoo Ameshaliwa

Jumapili, 16 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: siwapendi wageni. Sisemi wageni wabaya. Nasema wageni wa kawaida, wale wanaokuja kumwona mzazi, kumwona mgonjwa, kutoa pole na kunywa chai. Kwetu Sambasha ukisema hivyo ni kama umesema humpendi Mungu. Koko, bibi yangu mzaa baba, husema nyumba isiyo na wageni ni boma lisilo na ng'ombe. Mimi nikiona vitenge vinakuja kupitia kwenye migomba, naingia stoo na kitabu, nakaa juu ya gunia la mahindi mpaka nisikie wanaaga.

Mama amejifungua mwezi huu, kwa hiyo stoo nimeizoea. Leo baada ya ibada wamekuja tena. Mdogo wangu Lesian, ambaye ana miaka miwili na nusu na anapenda wageni kuliko maziwa, amempokea kila mmoja kwa kuinamisha kichwa aguswe, ndivyo watoto wa kwetu wanavyowaamkia wakubwa, halafu akaja kunifichua.

"Nashipae yuko huku! Anasoma!"

Msaliti.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza. Lesian ana mafua.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mafua yameshuka kifuani. Koko amempaka mafuta ya kondoo. Shuleni tumefanya jaribio la jiografia, swali la kwanza lilikuwa kwa nini milima hupata mvua nyingi. Paa lilikuwa linavuja juu ya dawati langu. Brian, anayekaa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Andika: njoo uone."

Jumatatu, 24 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali, mjini.

Asubuhi Lesian hakutaka kunyanyuka. Alikuwa anapumua haraka kama mbwa aliyetoka kukimbia, na kila akivuta hewa ngozi ya chini ya mbavu ilizama ndani. Koko alisema tusubiri mvua ikatike, barabara yetu ikilowa ni sabuni tupu. Baba alisema tumpeleke sasa hivi. Wakabishana. Mimi nilikuwa mlangoni na sare ya shule. Nikasema, "Midomo yake imekuwa ya bluu." Hakuna aliyenisikia, kwa kuwa nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo ni ya kujisemea. Nikarudia. Ndipo Baba akamwinamia, akamwangalia, akamfunga kwenye shuka lake, tukatoka mbio kwenye matope.

Zahanati walimwekea oksijeni na kutupakia kwenye gari la wagonjwa. Ni nimonia kali. Mchana akahamishiwa chumba cha mahututi. Daktari Agnela, mwanamke mrefu anayeongea taratibu, alitueleza kuwa Lesian amechoka kupumua. Watamlaza kwa dawa, wapitishe mrija mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, na mashine ipumue badala yake mpaka mapafu yapone kidogo. Baba ni fundi ujenzi, hunyoosha ukuta kwa jicho tu. Leo sahihi yake kwenye fomu ya kukubali ilipanda nje ya mstari.

Ijumaa, 28 Machi

Shule imefungwa, likizo fupi. Mama ana mtoto mchanga, haruhusiwi kuingia naye. Koko anamtunza mzazi, ndiyo desturi, hawezi kumwacha. Baba anafanya kazi mchana na kuja jioni. Kwa hiyo mgonjwa ni wangu. Nalala kwenye chumba cha ndugu wa wagonjwa, akina mama tupu, wote wanapenda maongezi.

Tunaruhusiwa kumwona kwa muda mfupi. Kifua kinapanda na kushuka sawasawa mno. Ningefurahi kama kingekosea hata mara moja.

Jumatatu, 31 Machi

Vilevile. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamemtoa mrija! Alikohoa, akalia, lakini kilio hakikuwa na sauti, kilikuwa kama cha mtu anayelia nyuma ya kioo. Sista Hedwiga, muuguzi wa zamu, alisema ni kawaida, mrija umekwaruza koo na sauti itarudi.

Lakini hawakumwacha hivyohivyo. Papo hapo wakamwekea vijirija viwili vifupi puani, vimefungwa kwa kofia ya kitambaa. Kutoka hapo bomba moja linaleta hewa yenye oksijeni na jingine linaishia ndani ya chupa ya maji, na yale maji yanachemka mfululizo bila moto. Wanaiita sipapu. Niliogopa. Nilimwuliza Sista Hedwiga, baada ya kuzunguka meza yake mara kadhaa, kama Lesian amerudishwa kwenye mashine.

"Hapana, binti. Ile ilikuwa inapumua badala yake. Sasa anapumua mwenyewe. Hii inasukuma hewa kidogo tu ili mapafu yasijikunje kila akitoa pumzi. Ukimbeba mtoto mgongoni kutoka kwenu mpaka hapa mjini, ukimshusha unamwacha katikati ya barabara?"

"Namshika mkono."

"Basi. Siku hizi za kwanza ndizo za hatari. Misuli imelala siku nyingi, inachoka upesi. Hewa hii tutaipunguza kidogo kidogo. Na asipewe kitu mdomoni mpaka niseme mimi. Maziwa yanapita kwenye mrija wa tumboni."

Nilielewa. Ni jambo rahisi. Mtu yeyote angeelewa.

Jioni Baba alimpigia Koko simu. Alisema, "Mama, wameitoa mashine," halafu akaanza kulia, halafu akakata.

"Baba, hujamwambia hii nyingine."

"Nitamwambia kesho."

Jumamosi, 5 Aprili

Baba hajamwambia.

Wametuhamishia chumba cha uangalizi, vitanda sita, dirisha linatazama Mlima Meru. Yaani linatazama wingu. Sasa naweza kukaa naye mchana kutwa. Chupa inachemka. Nimeanza kusoma kwa mlio wake.

Jumapili, 6 Aprili

Mama amepiga simu baada ya ibada. Leo kwenye matangazo Koko alisimama mbele ya usharika wote, amevaa shanga zake za sherehe, akasema mjukuu wake alikuwa mikononi mwa mashine na Bwana amemtoa. Kanisa likapiga vigelegele. Akatoa kondoo wa shukrani, yule dume mwenye kichwa cheusi. Nje kwenye mnada kondoo akanunuliwa na mzee mmoja, mzee akawapa vijana wa kwaya, vijana wa kwaya wakachinja leo leo.

"Mama," nikasema, "Koko anajua kwamba bado ana kitu puani?"

"Kitu gani?"

Nikamweleza. Mama akasema, "Nashipae, kondoo ameshaliwa."

Jumatatu, 7 Aprili

Koko amekuja. Mama sasa anaweza kusimama mwenyewe, na Koko alisema lazima amwone kijana wake. Alikuja na chupa ya chai iliyojaa uji na mfuko wa parachichi. Nikainamisha kichwa akakigusa, akapita moja kwa moja hadi kitandani. Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni sipapu, Koko. Si ile mashine. Inamsaidia tu..."

"Wamemrudisha."

"Hawajamrudisha. Ile ilikuwa inapumua badala yake, hii..."

"Mimi naona bomba. Naona chupa. Naona mtoto amefungwa kichwa kama mzigo." Akainama kusikiliza yale maji. "Na hii inachemsha nini?"

Nikaeleza yote, polepole. Biolojia tuliisoma kwa Kiingereza, Koko huwaza kwa Kimaasai, na mimi nikasimama katikati na Kiswahili changu. Nilipomaliza akaniambia, "Iondolewe. Jana nimemshukuru Mungu."

Kana kwamba mapafu yana redio ya kusikilizia matangazo ya kanisani.

Jumanne, 8 Aprili

Shule imefunguliwa. Sijaenda. Baba anasema mimi ndiye ninayeelewa maneno ya madaktari. Nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba ndiyo maana nakosa shule.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeulizwa "Amerudishwa?" na jirani yetu, na mke wa jirani yetu, na mjumbe wa mtaa, na mtu aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hatumjui kabisa. Kila mmoja nimemweleza. Si ile mashine. Anapumua mwenyewe. Ni ya muda. Kila mmoja ametikisa kichwa kwa huruma, akasema "Mungu yupo," kwa sauti ile ya msibani.

Shangazi Joyce, dada yake Baba aliyeolewa Maji ya Chai, alikuja na ndoo ya nyanya. Sijui nani amwambie kuwa mgonjwa anayelishwa kwa mrija hahitaji nyanya.

"Kule kwetu," alisema, bila hata kushusha sauti, "mtu akishawekewa oksijeni mnaanza kutafuta turubai la msiba."

"Shangazi, wanawekewa wakiwa wameshazidiwa. Si oksijeni inayowaua."

"Nashi, umekuwa daktari? Haya, daktari, nipe kiti."

Kisha akamsogelea Lesian. "Msalimie shangazi! Sema shikamoo! Mbona hasemi?" Akamgeukia Koko. "Mama, huyu mtoto hasemi!" Lesian alifungua mdomo, hewa ikatoka tupu, na machozi yakamjaa. Nilitaka kumpiga mtu na nyanya.

Nimegundua kitu: Koko hajibu wageni. Wakiuliza "Amerudishwa?" anaangalia dirishani, ananiachia mimi. Mtu aliyezoea kusema mpaka mbuzi wanamsikia! Ameniachia kazi yake yote ya kusema, mimi, kati ya watu wote duniani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Daktari Agnela alisema Lesian anaendelea vizuri. Walipunguza ile sehemu ya bomba inayozama kwenye maji, maana yake msukumo umepungua, na alihimili. Mchana nikatumwa dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, nilijua kabla sijafika kitandani, kwa sababu chupa ilikuwa kimya.

Vijirija vilikuwa juu ya mto. Koko alikuwa amempakata Lesian, kofia imevuliwa, nywele zimepangwa vizuri kwa maji. Alikuwa amemvalisha shati jeupe. Kijiko kilikuwa mkononi, uji ulikuwa kwenye kidevu cha Lesian na kwenye shati, na Lesian alikuwa anakohoa kikohozi kisicho na nguvu, kama mlango unaosukumwa na paka. Ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inazama tena. Hata ile ya juu ya mfupa wa kifua. Midomo.

Siku ile ya nyumbani nilisema mara mbili. Leo sikusema. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Sista Hedwiga alikuja mbio, akamchukua mikononi mwa Koko, akamgeuza, akamfyonza uji kwa kimashine, akarudisha vijirija, akaongeza oksijeni. Daktari Agnela akaja. Walimwinamia muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu mbavu za mdogo wangu kana kwamba nitaulizwa kwenye mtihani.

Rangi ilirudi. Taratibu, midomo kwanza.

Daktari Agnela hakugomba. Ningependa angegomba. Alisimama mbele ya Koko, akamwambia, "Mama, shikamoo. Tulikuwa karibu kumrudishia mrija wa mdomoni. Mara ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza, na si watoto wote wanaoivuka. Mwacheni na sipapu. Naomba siku chache tu." Na mimi akaniambia nisitoke bila kumwita muuguzi akae.

Koko alikuwa amesimama ukutani, kijiko bado mkononi. Nilimchukulia kijiko nikakiosha. Sikumwangalia usoni, kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo mjukuu hatakiwi kuwa nayo kwa bibi yake, na nilijua inaonekana.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado nina hasira.

Nimeamua kwamba tatizo ni maelezo. Nimechora mapafu kwenye karatasi kubwa, na vile vifuko vidogo vya hewa, na nimeonyesha vinavyonata vikiwa na uchafu, na msukumo unavyovizuia visijikunje. Nimetumia rangi mbili. Nikakaa chini na Koko, nikaeleza kutoka mwanzo.

Aliangalia muda mrefu.

"Umechora vizuri," alisema. "Hii ni kabichi?"

Sikulia. Nilitoka nikasimama barazani nikatazama mvua.

Brian amepita baada ya shule kuniletea maandishi ya kemia. Alisema, "Nashi, umekonda, au wewe ndiye mgonjwa?" Halafu akamwonyesha Lesian jinsi ya kuzungusha gari la kizibo juu ya blanketi, na Lesian akacheka. Kwa sauti! Imekwaruza, kama ya mzee, lakini ni sauti. Koko aligeuka haraka kuelekea ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo.

Jioni Mama amepiga simu. Umoja wa wanawake wa usharika wanakuja kesho. Wote. Wameshona vitenge vya sare kwa ajili ya Pasaka na watakuja navyo. Mama amesema kwa sauti ya chini kwamba kuna maneno. Mama Elizabeth, katibu wao, amesema kisimani kuwa huwezi kuchinja kabla ng'ombe hajazaa. Kwamba Koko alikimbilia kushukuru ili aonekane, ndiyo maana mtoto amerudishwa.

"Koko amesikia?"

"Nani hajasikia?"

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi mvua ilikatika. Wingu lilipanda, mlima ukaonekana wote, hata ile sehemu iliyobomoka. Daktari Agnela alimsikiliza Lesian kifuani, akasema akiendelea hivi, Jumatatu watajaribu kuondoa vijirija na kumwekea oksijeni ya kawaida tu. Nikaenda kumwambia Koko. Alikuwa anakunja na kukunjua lile shati jeupe. Alikuwa amelifua.

Walikuja mchana. Niliwasikia kabla sijawaona, mlinzi getini alikuwa anabishana nao.

"Nyie ni kwaya au ni wageni?"

"Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Wote hawa? Mgonjwa mmoja? Ni mbunge?"

Wakaruhusiwa mpaka barazani, wawili wawili ndio waingie. Kupitia dirishani niliona vitenge vya zambarau, vipya kabisa, vimejaa baraza nzima. Sista Hedwiga alikuwa kitanda cha mwisho na mtoto aliyeletwa muda uleule, amenipa mgongo. Koko alisimama, akavuta pazia la kitanda chetu, tukabaki ndani watatu: yeye, mimi na Lesian aliyekuwa anaendesha gari lake la kizibo.

Alinisemesha kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini.

"Nashipae. Itoe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe unajua," alisema. "Umewaona wanavyofanya. Itoe taratibu, nimvalishe shati. Wakishamwona na kuomba, unairudisha. Mimi sijui kuirudisha. Wewe unajua. Muda wa wimbo mmoja tu, mwanangu."

Katika maisha yangu sijawahi kumwambia Koko hapana. Sijui kama yupo mtu nyumbani kwetu aliyewahi. Nilishika mkono wa Lesian kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

"Siwezi, Koko."

"Unaweza."

"Naweza. Lakini sitaitoa. Koko, nimekueleza kila siku. Nimekuchorea! Kwa nini huelewi kwamba..."

"Nimeelewa!"

Alisema kwa nguvu mpaka Lesian akaacha kucheza. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, polepole, kama mtu anayekaa kwenye maji baridi.

"Nimeelewa tangu siku ya kwanza," alisema. "Nimelea watoto wanane, mimi nikashindwa kuona kifua kinavyosaidiwa? Alhamisi nilifikiri ni dakika chache tu, mjumbe alikuwa amesema atarudi na wenzake, nikataka wamkute safi, anakula. Nilikosea, Mungu anajua nilivyokosea. Lakini usiniambie sielewi. Wewe unanieleza mimi kila siku. Mimi naelewa. Hao ndio hawaelewi." Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Nimesimama mbele yao wote na kondoo. Wakimwona hivi, mimi ni mwanamke aliyesema uongo madhabahuni. Na watakaponiuliza nitasema nini? Sijui hayo maneno yako ya vifuko."

Siku zote hizi nilikuwa nimekasirika kwa sababu bibi yangu hajui mapafu ni nini, nikachora kabichi yangu kwa rangi mbili, na hata siku moja sikumwuliza anaogopa nini. Alikuwa anaangalia dirishani kila mgeni alipouliza, na mimi nilidhani ananisukumia kazi. Alikuwa anasikiliza ninavyojibu. Alikuwa anangoja nijibu lile swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa mdomo.

Nje mtu aliita, "Hodi! Mama Koikai, upo?" Ilikuwa sauti ya Mama Elizabeth, akimwita Koko.

Koko alilikunja shati, akaliweka magotini. Aliniangalia. Hakuniomba tena, na hakuniruhusu chochote.

Nilifungua pazia. Nilienda kitanda cha mwisho, nikamwomba Sista Hedwiga amtupie jicho mdogo wangu kwa muda, akaitikia kwa kichwa. Nikatoka barazani.

Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Niliwaamkia mmoja baada ya mwingine, wote ni wakubwa kwangu, nikainamisha kichwa kikaguswa na kila mkono, na kazi hiyo ilipoisha walikuwa wamenyamaza wakiningoja nipishe njia. Sikupisha. Nilisema, "Naomba niseme kabla hamjaingia."

Mama Elizabeth alisema, "Huyu si yule bubu?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya.

"Ndiye mimi, mama," nikasema.

Niliwaambia kwamba Lesian alikuwa kwenye mashine iliyokuwa inapumua badala yake, na kwamba ile mashine ilitolewa Ijumaa ya wiki iliyopita, na mpaka leo haijarudi. Niliwaambia watamkuta na kitu puani, na maji yanachemka kwenye chupa, na kwamba kitu hicho hakipumui. Anayepumua ni yeye mwenyewe. Niliwaambia mtoto aliyeshushwa mgongoni baada ya safari ndefu hushikwa mkono, na hakuna anayesema amebebwa tena. Sauti yangu ilikuwa inaruka kama redio yenye betri kuukuu, lakini niliendelea. Nikasema, "Koko aliposimama kanisani alisema Bwana amemtoa mikononi mwa mashine. Ilikuwa kweli siku ile, na ni kweli leo. Hakusema uongo. Tusiombe kana kwamba amerudishwa. Hajarudishwa."

Mama mmoja mzee, sikujua jina lake, akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo yule kondoo alikuwa halali?"

"Alikuwa halali, koko."

"Maana mwanangu wa kwaya alikula paja."

Wakacheka wote, safari hii kwa sauti kubwa, hata mlinzi akageuka. Mama Elizabeth hakucheka sana. Alikuwa amefunika mdomo na kitenge chake kipya, anakohoa. Nilimwangalia akikohoa tena.

Niliwaonyesha bomba la kunawia mikono na sabuni. Niliwapanga wawili wawili, nikawaambia wasimguse usoni, wasimpe kitu mdomoni, na wasimwambie aseme shikamoo. Wa kwanza walipoingia niliwafuata mpaka mlangoni. Koko alikuwa amesimama kando ya kitanda, shati jeupe limekunjwa juu ya mto. Aliinua blanketi, akawaonyesha kifua cha Lesian na ile chupa, akaanza kueleza kwa Kimaasai, kwa maneno machache kuliko yangu.

Nikarudi barazani. Nilimwambia Mama Elizabeth kwamba kwa kikohozi kile hawezi kuingia. Akaniuliza kama najua naongea na nani. Nikasema najua, shikamoo, nikamletea kiti. Kisha nikasimama mlangoni mpaka mgeni wa mwisho alipotoka.